Mchele wa Konzi

Siku ya tisa baada ya Ziri kujifungua, maziwa yake yalikuwa bado hayajashuka. Asubuhi yalitoka matone machache. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia, akanyonya tena, kisha akachoka akalala mdomo wazi. Ropari, mama mkwe wake, aliketi kando ya meko akimenya viazi mwitu alivyochimba jana yake bondeni. Viazi hivyo huwasha mikono. Huchemshwa, maji yakamwagwa, vikachemshwa tena, na bado anayevila hushinda akijikuna koo.

"Mpe la kushoto," alisema Ropari bila kugeuka.

"Nimempa, Mama."

"Mpe tena. Hata mimi kwa Muana lilianza la kushoto."

"Mama, la kushoto na la kulia yote yanakula viazi hivi hivi."

Ropari alicheka kidogo, na Ziri naye akacheka. Walipendana wale wawili, jambo ambalo majirani walilisema kwa mshangao. Muana, mwana wa mmoja na mume wa mwingine, alikuwa ameteremka nchi tambarare kuvunja mawe ya barabara, na tangu mvua zianze hapakuwa na habari zake. Barabara ilikuwa imeporomoka sehemu tatu. Mchele wa serikali ulikuwa mjini, mwendo wa siku mbili kwa miguu, na waliokwenda kuufuata walirudi na karatasi iliyogongwa muhuri.

Huo ulikuwa mwaka wa pili tangu mianzi ichanue. Ilichanua milima yote, ikazaa, ikafa. Panya walikula mbegu zake wakazaana kupita hesabu, na mbegu zilipokwisha waliingia mashamba ya mpunga. Watu waliondoka nyumbani na mundu wakiimba, wakakuta mabua yamelala chini.

"Wenyewe!" sauti iliita kutoka ngazini. "Fungueni, wadai wa Bwana tumefika!"

Ilikuwa sauti ya Bibi Darkungi, mjane wa miaka sitini na kitu, ambaye hakuwahi kuonekana bila kichupa chake cha maji ya tumbaku, ambayo hushikwa mdomoni kama ugoro. Nyuma yake alipanda Chhingi akiwa na kapu mgongoni, kamba yake imepita kwenye paji la uso. Chhingi na Ropari walikuwa wamebatizwa siku moja, wakaolewa mwaka mmoja, na kwa miaka ishirini na mitano walikwenda kuni pamoja. Kijiji kizima kiliwaita wanawake kwa majina ya watoto wao, lakini wao waliitana Chhingi na Pari kama wasichana.

Walikuja kukusanya konzi. Katika kanisa la kijiji hicho, kila mwanamke anapopika wali hutangulia kuchota konzi moja ya mchele na kuitia kwenye kopo la pembeni. Hiyo si yake tena. Kila wiki wanawake wawili hupita nyumba kwa nyumba, na mchele huo ndio unaomlisha mhubiri wao.

Ropari aliinuka haraka. Kabla ya kwenda kwenye kopo alifunika sufuria ya viazi.

"Hebu tuone," alisema Bibi Darkungi, akalipokea kopo kwa mikono miwili. "Mama yangu! Zito! Kibaba kizima tena! Mama Muana, umemficha mume humu ndani anayekulimia?"

"Atafichwa wapi, Bibi? Nyumba yenyewe ukisimama nje unaona mpaka uvunguni."

"Mimi nimetoka kwa Mama Kimi sasa hivi, kopo lake lina konzi mbili na mende. Nikamwambia, mende tunamrudisha, Bwana hali nyama siku za katikati ya wiki."

Ziri alicheka hadi mtoto akashtuka. Chhingi hakucheka. Harufu ya viazi mwitu haifunikwi na kifuniko, na yeye alikuwa ametoka kuvichemsha vyake. Alitazama sufuria, akamtazama Ropari, kisha akatazama pembeni. Kumwona mwenzako katika aibu na kutosema neno, hiyo ndiyo heshima aliyofundishwa na mama yake.

"Mtoto anaendeleaje?" aliuliza.

"Nuna? Anaendelea," alisema Ropari. "Anakua."

Wageni waliposhuka ngazi, Ziri aliuliza kwa sauti ya chini, "Mama, umebaki mchele kiasi gani?"

"Upo."

"Kiasi gani?"

Ropari aliendelea kumenya. Ziri alikuwa amepoteza mimba mbili. Mimba ya tatu ilipovuka mwezi wa nne, Ropari alipiga magoti mahali hapo hapo pa meko akamwahidi Mungu kwamba konzi ya asubuhi na konzi ya jioni hazitakosa katika nyumba hiyo, mradi mtoto azaliwe hai. Mtoto alizaliwa hai. Kwa wiki tano sasa walikuwa wakipika viazi, na kila asubuhi na kila jioni Ropari alifungua kifuko cha mchele wa mwisho, akachota konzi, akaitia kwenye kopo, akafunga kifuko.

"Umebaki wa siku mbili," alisema. "Nitakupikia uji wewe. Mimi sina mtu ninayemnyonyesha."

"Na konzi?"

"Ziri, mwanangu, ahadi ni ahadi. Ningemdanganya Mungu, ningemtazama huyu mtoto kwa macho gani?"

Ziri alimweka mtoto kwenye titi la kushoto tena.

*

Siku mbili zilipita na kifuko kikaisha. Siku ya tatu Ropari alikwenda kwa Chhingi.

Alimkuta uwanjani anakatakata moyo wa mgomba. Nyumba ya Chhingi ilikuwa na watu wanane, na mkwe wake naye alikuwa mjamzito wa miezi sita. Mumewe alikuwa mzee wa kanisa. Ropari aliketi kwenye gogo, akachukua kisu cha pili, akaanza kukata naye.

"Maziwa?" aliuliza Chhingi.

"Yamekatika kabisa tangu jana. Nuna halii tena. Anapiga miayo tu."

"Ulimpa Ziri supu ya samaki wa mtoni?"

"Samaki yupi? Mto ni tope."

"Majani ya mpapai?"

"Chhingi, nimempa majani yote ambayo mbuzi anakula. Anataka wali. Kila mzazi anataka wali. Vibaba vinne tu, ale siku nne mfululizo, maziwa yatashuka. Najua yatashuka."

Chhingi aliacha kukata. Aliingia ndani, akarudi na bakuli lenye wali mkavu wa jana, kiasi cha kiganja, na juu yake kipande cha mafuta ya nguruwe aliyekaushwa kwa moshi.

"Ulikuwa wa mjukuu wangu mdogo," alisema. "Usinitazame hivyo. Amekwisha kula kitu kingine."

Ropari alipokea kwa mikono miwili. Alipoinama, macho yake yalikuwa sawa na kiuno cha mwenzake. Hapo, kwenye pindo la nguo, ulifungwa ufunguo wa ghala la akina mama, chumba kidogo cha mianzi kilichokuwa nyuma ya kanisa. Ndani yake mlikuwa na magunia matatu na debe moja la mchele wa konzi, yakingoja barabara ifunguliwe. Chhingi alikuwa mtunza ghala mwaka wa sita sasa.

Ropari aliutazama ufunguo. Chhingi alijua anautazama. Mvua ilianza kunyesha, na wote wawili wakashukuru kupata sababu ya kuinuka.

"Kesho ni siku yetu ya kukutana," alisema Chhingi. "Sema mbele ya wanawake. Wasikie kwako mwenyewe. Hawatakataa."

"Utakuwepo?"

"Nitakuwa wapi tena?"

*

Wanawake walikutana saa tisa alasiri, wapatao arobaini, wakiwa wamejifunika nguo zao nzuri za kufuma kwa sababu hata mwaka wa njaa mtu haji kanisani na nguo ya shambani. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Thanga. Hakuwa mwanamke mbaya. Wiki ile ile alikuwa ametoa blanketi lake kwa mgonjwa. Alikuwa na daftari la kukunja ambamo aliandika kila kopo la kila nyumba, na alilipenda daftari hilo kama wengine wanavyopenda bustani.

Waliimba, wakaomba, kisha akauliza kama yupo mwenye jambo.

Ropari alisimama. Alikuwa amejifunza maneno yake njiani. "Naomba vibaba vinne kutoka ghalani," alisema. "Si kwa ajili yangu. Ni kwa mzazi. Mvua ikiisha na Muana akirudi nitavirudisha."

Kulikuwa na mnong'ono. Mama Thanga alifungua daftari taratibu.

"Mama Muana, usinielewe vibaya. Nataka nijue tu. Wiki hii umetoa kibaba kizima. Wiki iliyopita, kizima. Nikirudi nyuma wiki tano, vyote vizima. Mimi mwenyekiti nimetoa robo. Mke wa mwinjilisti, robo. Katika kijiji hiki ni nyumba moja tu inayopika wali asubuhi na jioni, nayo ni yako. Umetoa au hukutoa?"

"Nimetoa."

"Labda anaulimbikiza kwa ajili ya karamu ya ubatizo!" alisema Mama Kimi kutoka nyuma, na wanawake wakacheka. Kilikuwa kicheko cha watu wenye njaa, hakikuwa na ubaya mwingi, lakini kilimfikia Ropari usoni kama maji ya moto.

Alifungua mdomo. Angesema nini? Kwamba alikuwa anampa Mungu mchele huku mkwe wake anakula viazi vya kuwasha? Mbele ya wanawake arobaini neno hilo lingesikika kama majivuno, na lingesikika pia kama wazimu. Na ahadi aliyoitoa akiwa amepiga magoti peke yake, aliona haya kuitoa hadharani kama mtu anayedai malipo.

Alimtazama Chhingi. Chhingi aliketi mstari wa mbele, mikono mapajani. Alijua kilichokuwa ndani ya sufuria ile. Ingetosha aseme maneno matatu: nimeona, hawapiki wali. Lakini alifikiri angekuwa anamvua mwenzake nguo mbele ya watu. Alifikiri pia juu ya mkwe wake mwenyewe, na jinsi watakavyosema kwamba mtunza ghala anafungulia rafiki leo ili kesho afungulie nyumba yake. Aliyafikiri yote mawili kwa pamoja na hakuweza kuyatenganisha. Akanyamaza.

"Siami naye ni dada yetu," aliendelea Mama Thanga kwa upole. Siami alikuwa mhubiri wao wa kike, waliyemtuma ng'ambo ya mto. "Miezi mitatu hajapata posho. Huko aliko hata panya wamehama. Mchele ule tulikwisha kumpa Bwana kwa ajili yake. Tukimpa Mama Muana, kesho Mama Kimi atasimama, na haki atakuwa nayo."

"Nitasimama kweli," alisema Mama Kimi, na safari hii hakutania.

"Kwa hiyo nashauri tungoje Jumapili, wazee wa kanisa wakae. Wakisema tufungue, tutafungua kwa amani. Leo tumwombee Ziri."

Walimwombea. Waliomba wote kwa pamoja kwa sauti, kila mmoja maneno yake, kama ilivyo desturi yao, hadi paa la mabati likavuma. Wengi walilia. Waliomba kwa moyo wa kweli, na Ropari naye aliomba, kwa kuwa hakujua kitu kingine cha kufanya akiwa amesimama pale.

Mlangoni Mama Thanga alimshika mkono akamtia kitu kwenye kiganja. Kilikuwa kipande cha sukari guru kilichofungwa kwa jani. "Mpe mzazi na chai," alisema. "Nilikuwa naiweka kwa ajili ya kikohozi changu."

Ropari alishukuru. Nyumbani alimpa Ziri chai na kumweleza habari yote. Ziri alisikiliza hadi mwisho.

"Wiki tano, kibaba kila wiki," alisema Ziri. "Ni vibaba vitano, Mama. Wewe umeomba vinne."

"Vile havikuwa vyetu."

"Vilikuwa vya nani? Mungu ana mtoto anayenyonya?"

"Ziri!"

"Samahani, Mama." Alimgeuzia mtoto uso. Nuna alikuwa amefumbua macho na kutazama dari kama mzee.

*

Ijumaa kulipokucha, Chhingi aliinuka kitandani kabla ya mumewe. Hakuwa amelala. Alichukua ungo na kikapu kidogo, akavuka uwanja wa kanisa kwenye ukungu. Alikuwa ameamua. Angepima vibaba vinne, Jumapili angesimama mbele ya wazee na mumewe akiwa mmoja wao, aseme: nimechukua mimi. Wangemtenga na meza ya Bwana kwa mwaka. Alikuwa amepiga hesabu ya mwaka huo na kuukubali.

Aliomba kwanza, mkono wake ukiwa kwenye kufuli. Kisha akafungua.

Magunia matatu yalisimama juu ya jukwaa la mianzi kama alivyoyaacha, vinywa vimefungwa kwa kamba yake mwenyewe. Aliona mafundo yake, akafurahi kuona hayakuguswa. Alipolishika gunia la kwanza kulifungua, lilikunjika chini ya mkono wake kama nguo isiyo na mtu. La pili vilevile. La tatu lilipoanguka, panya mmoja alitoka, akaruka juu ya mguu wake, akapotelea kwenye tundu la sakafu. Walikuwa wametafuna kutoka chini, wakapitia mianzi ya sakafu na mianzi ya jukwaa, wakala kutoka ndani. Debe nalo lilikuwa limeangushwa na kifuniko chake kilikuwa kando. Kilichobaki kilikuwa makapi na kinyesi.

Chhingi alipiga magoti. Alikusanya kwa mikono kila kilichofanana na punje, akakipepeta kwenye ungo, akachagua, akapepeta tena. Kwa saa nzima alipata nusu kibaba. Aliuosha kisimani mara saba, akakimbia nao.

Ropari alimwona akiingia. Alitazama ule mchele, uliokatikakatika na wenye rangi ya vumbi, akautia sufuriani na maji mengi. Wote watatu walikaa wakitazama moto. Uji ulipoiva Ziri aliunywa ukiwa bado unachemka, akaungua ulimi, akaendelea kunywa. Kisha akamweka mtoto kifuani.

Nuna hakushika. Ziri alimkamulia, hakikutoka kitu. Ropari alichukua maji ya uji kwa ncha ya kidole akampaka mdomoni. Yalitiririka pembeni mwa shavu.

"Nuna," aliita Ziri. "Nuna, baba, fungua. Fungua kidogo. Fungua, mama amekula."

Aliita hivyo hadi jua lilipopanda juu ya mabati ya kanisa. Ropari ndiye aliyejua kwanza, lakini alimwacha aendelee kuita.

*

Wanaume walichimba kaburi dogo alasiri hiyo, na kabla ya giza walikuwa wamemaliza. "Enzi za utoto wangu," alisema Bibi Darkungi, "mtoto wa umri huu alizikwa kimya na watu wakaenda shambani. Hata kuimbiwa haikuwepo."

Safari hii wanawake walikuja. Waliimba toka asubuhi ya pili yake hadi jioni, wamebanana chumba kizima na wengine ngazini. Na kila mmoja alikuja na konzi ya mchele katika jani, kwa sababu nyumba ya msiba haiendewi mikono mitupu. Hawakuambiana. Hakuna aliyeandika. Mama Kimi, mwenye kopo la mende, alileta konzi. Mama Thanga alileta mbili. Walizitia moja moja kwenye kikapu kando ya meko, hadi kikapu kikajaa na Ropari akatafuta kingine. Kwa mambo ya msiba hakukuwa na kikao.

Chhingi alisimama katikati yao akawaambia habari za ghala.

"Yote?" aliuliza Mama Thanga.

"Yote."

"Tangu lini?"

"Sijui. Yawezekana hata siku tulipokuwa tunazungumza yalikuwa yamekwisha."

Wengine walimfikiria Siami ng'ambo ya mto, ambaye hata yeye sasa hakuwa na kitu.

"Panya hawakungoja Jumapili," alisema Bibi Darkungi, akaweka maji ya tumbaku mdomoni ili asiseme zaidi.

Mama Thanga alimwendea Ropari kwa magoti, pale pale sakafuni, daftari likiwa bado kwapani kwa mazoea. Machozi yalimtoka kweli. "Dada yangu, kwa nini hukusema kwamba hampiki wali?"

"Uliniuliza kama nimetoa," alisema Ropari. "Nilikuwa nimetoa."

Jioni, wanawake walipotawanyika, Chhingi alibaki akiosha masufuria. Ropari alimsaidia kuyafuta. Walifanya kazi hiyo kama walivyofanya kwa miaka yote, mmoja anaosha na mwingine anafuta, na mtu asiyejua angedhani mambo yako kama zamani.

"Siku ile uliyokuja kwangu," alisema Chhingi, "ufunguo ulikuwa hapa kiunoni."

"Niliuona."

"Kwa nini hukuniomba?"

"Ungenifungulia?"

"Ningekufungulia." Chhingi aliendelea kusugua sufuria iliyokwisha takata. Kisha, kwa kuwa ilikuwa nyumba ya msiba na hakuweza kusema uongo ndani yake, alisema, "Sijui, Pari. Labda nisingekufungulia."

"Basi ndiyo maana sikukuomba."

Alisema bila hasira. Chhingi angependa kama ingekuwa hasira. Alikausha mikono, akangoja labda mwenzake atasema neno jingine, kisha akashuka ngazi.

Ropari alipika. Alipika wali asubuhi, mchana na jioni, sufuria tele, na Ziri alikula. Hakusema, hakulia, hakuomba walipoomba, lakini alikula kila alichowekewa, kwa bidii, macho yametazama mlango. Ropari alishukuru kwamba angalau anakula.

Siku ya nne Chhingi alirudi na mzigo wa kuni. Alikuwa bado yuko kwenye ngazi aliposikia Ziri akiita, "Mama. Mama, njoo."

Ziri alikuwa ameketi mgongo ukiwa ukutani. Mbele ya blauzi yake kulikuwa na madoa mawili makubwa yaliyolowa, na yalizidi kupanuka huku wakitazama.

"Yameshuka," alisema.

Chhingi aliweka kuni chini pole pole.

"Yanauma, Mama. Yamekuwa kama mawe."

Ropari alichukua bakuli, akapiga magoti mbele ya mkwe wake, akaanza kumkamua kama mtu anayejua kazi, taratibu, kutoka juu kushuka chini. Maziwa yalitoka kwa nguvu. Yalikuwa meupe na mazito, na yaligonga ukingo wa bakuli kwa sauti ambayo wote watatu waliisikia. Chhingi alikuja akashika mabega ya Ziri kwa nyuma, asiegemee ukuta mtupu. Ziri alimwachia amshike.

"Kuna mtoto wa yule binti wa—" alianza Chhingi.

"Usimtaje," alisema Ziri. "Nakuomba, Mama. Leo usinitajie mtoto wa mtu."

Bakuli lilijaa. Ropari aliinuka nalo akatoka hadi juu ya ngazi, akasimama. Alikuwa amezika mume, na sasa mjukuu. Alijua nguo ya maiti hufuliwa wapi na udongo wa kaburi hukung'utwa wapi. Jambo hili hakuna aliyewahi kumfundisha. Hakuweza kuyamwaga chini, na hakuweza kurudi nayo ndani. Mvua ilianza tena, ikaingia kwenye bakuli tone kwa tone, naye akaendelea kulishika kwa mikono miwili bila kulifunika.